Kufungua Moteri Lupangoni: Kipimo Kabla ya Kipuri

Kwenye barabara inayotoka Kolwezi kwenda Likasi na Lubumbashi, zinapita kamyo za aina mbili. Ziko za makampuni makubwa, zinazobeba shaba na kobalti hadi mpakani Kasumbalesa na kuendelea hadi Dar es Salaam au Durban. Hizo zina garaji zao, mafundi wa mshahara na stoo ya vipuri. Na ziko kamyo za mtu mmoja mmoja. Mwenyewe ameinunua ikiwa imeshazeeka kwa watu wengine, naye anaibebesha mchanga wa kujengea, saruji, makaa, mahindi, na pengine magunia ya madini ya kreseri, wale wachimbaji wadogo. Siku moteri yake inapochoka, hakuna kampuni ya kuilipia. Inafunguliwa lupangoni, yaani uani kwa nyumba, chini ya mwembe, katika mitaa ya Kolwezi kama Manika au Kapata au Musonoi, kwa pesa ambazo ndugu wamechanga.

Mazungumzo ya leo ni ya hiyo kamyo ya mtu mmoja. Inalisha nyumba nzima, inasomesha watoto, na kwa vijiji vingi vya jimbo la Lualaba ndiyo njia pekee ya mazao kufika sokoni. Mafundi wa kuifungua tunao, tena hodari. Hata hivyo kila msimu wapo wanaotengeneza moteri kwa dola nyingi, na kabla mvua hazijarudi inakula mafuta tena. Kasoro kubwa iko kwenye mpangilio wa kazi: vipuri vinanunuliwa kwanza, kupima kunakuja baadaye, au hakuji kabisa.

Tuchukue mfano wa moteri inayojulikana vizuri katika eneo hili, WD615 ya kamyo za Howo. Asili yake ni kampuni ya Steyr ya Austria, na China ilipata leseni ya kuitengeneza katika miaka ya 1980. Ina silinda sita. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 126, na pistoni inatembea milimita 130, jumla lita 9.7. Nzima ina uzito wa karibu kilo 850, kwa hiyo tawi la mwembe na mnyororo si mahali pa kuining'iniza. Mtu anayeitoa kwenye fremu bila winchi ya kweli anahatarisha miguu ya vijana wake.

Waliobuni moteri hii walimwachia fundi wa lupangoni faida moja. Kila silinda ina kulasi yake, kifuniko cha juu kinachobeba supapu. Kulasi ni sita, ndogo, na mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kuinyanyua moja peke yake. Shemize zake, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka, ni za aina kavu: nyembamba, hazigusi maji ya kupozea. Hivyo fundi anaweza kuiacha moteri mahali pake, akatoa kulasi kwa juu, akafungua karteri ya mafuta kwa chini, na kusukuma pistoni zitokee juu. Kwa mwenye pesa kidogo, njia hiyo inaokoa gharama ya winchi na siku nyingi za kazi.

Njia hiyo ina mpaka wake pia. Vifuniko vya kusineti kuu, zile beringi zinazoshika vilbreke (mhimili unaozungushwa na pistoni), havikutengenezwa kimoja kimoja: vimeunganishwa kuwa fremu moja chini ya bloku. Kusineti za bieli, ile mikono inayounganisha pistoni na vilbreke, zinafikika kwa chini. Hizo kuu ni ngumu sana kuzifikia moteri ikiwa bado garini. Mwenye kamyo anatakiwa kulijua jambo hili kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa, kwa sababu ndilo linaloamua kama kazi itabaki nyumbani au itahitaji karakana yenye mashine.

Kwa nini moteri zinachoka upesi huku kwetu? Jibu kubwa ni vumbi. Toka Mei hadi Oktoba barabara za kuelekea machimbo hufunikwa na vumbi jekundu, na ndani yake mna chembe za kwatzi, jiwe lililo gumu kuliko chuma cha shemize. Hewa ikipata upenyo usio wa filta, chembe hizo huingia kati ya segmenti na ukuta wa silinda. Segmenti ni pete za pistoni, ambazo madereva wa Dar es Salaam huziita ringi. Chembe zinasaga pande zote mbili, kisha zinateremka kwenye mafuta na kwenda kusaga kusineti.

Moteri ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inabana hewa mpaka ipate joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi, kisha mazutu, yaani mafuta ya dizeli, yanapuliziwa humo na kuwaka yenyewe. Rudolf Diesel aliijenga moteri yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na sheria hiyo haijabadilika. Hewa ikivuja pembeni ya segmenti, joto halifikii kiwango chake. Ndiyo maana kamyo iliyochoka inakataa kuwaka asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Kolwezi inapouma, wakati saa nane mchana inawaka bila shida. Dereva analaumu betri, ananunua mpya, na ugonjwa unabaki palepale.

Kabla ya kufungua chochote, moshi usomwe. Moshi wa buluu maana yake moteri inachoma mafuta yake ya kulainisha: segmenti, shemize, miongozo ya supapu, au turbo inayovuja. Moshi mweusi maana yake mazutu ni mengi kuliko hewa, na mara nyingi dawa yake ni filta iliyoziba, turbo dhaifu au injekta inayodondosha. Moshi mweupe usiokwisha hata moteri ikipata moto ni mazutu yasiyowaka, au maji yanayoingia ndani ya silinda. Mtu anayefungua moteri nzima kwa sababu ya moshi mweusi anaweza kukuta shemize nzima kabisa, na hapo ameshaharibu zhwe zote, yaani gasketi, ambazo zilikuwa bado zinafaa.

Baada ya moshi, pumzi. Moteri ikiwa ya moto na ikizunguka taratibu, kifuniko cha kutilia mafuta kinafunguliwa. Mvuke kidogo si kitu. Moshi ukitoka kwa nguvu, tena kwa mapigo, ujue gesi za mlipuko zinapita segmenti na kushuka hadi karteri. Silinda ipi? Kwenye pampu ya mazutu ya zamani, isiyo ya elektroniki, fundi huilegeza nati ya bomba la injekta moja baada ya nyingine, akiifunika kwa kitambaa kinene na kuweka mikono mbali, kwa maana mazutu yenye presha hutoboa ngozi. Silinda ambayo nati yake ikilegezwa sauti ya moteri haibadiliki, hiyo ndiyo haifanyi kazi. Kwenye moteri mpya zenye reli moja ya presha kubwa, jaribio hili lisifanywe hata kidogo.

Mafuta nayo yana habari zake. Yakiwa na rangi ya maziwa, kuna maji ndani. Kama ni maji ya redieta yaliyojaa mafuta, kwenye WD615 kipoza mafuta kikaguliwe kabla ya kuhukumu zhwe ya kulasi, kwa sababu kikitoboka ndicho kinachochanganya vitu hivyo viwili. Mafuta yanapomwagwa, beseni safi liwekwe chini na sumaku ipitishwe. Unga wa chuma hunata. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba bila kunata vinatoka kwenye kusineti, na hapo vilbreke lazima ionwe, hata kama bajeti haikuipangia kitu.

Sasa moteri iko wazi. Hapa ndipo pesa nyingi zinapookolewa au kupotea, na kifaa kinachotakiwa kinaweza kuwa cha bei ndogo. Komparateri ya kupimia silinda ni ghali, na garaji nyingi za mtaani hazina. Lakini seti ya kale, zile bamba nyembamba za kupimia nafasi, hupatikana kwa urahisi. Fundi anatoa segmenti moja kwenye pistoni, anaiingiza peke yake ndani ya shemize, na kuisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Anapima nafasi kati ya ncha zake mbili, kwanza karibu na juu, pale segmenti ya kwanza inapogeukia, kisha chini kabisa, ambako shemize haijaliwa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili anaigawanya kwa 3.14.

Tuseme juu amepata milimita 1.30 na chini 0.80. Tofauti ni 0.50. Ukigawanya kwa 3.14 unapata takriban 0.16: kipenyo cha juu kimepanuka kwa kiasi hicho kuliko cha chini. Kila moteri ina kikomo kwenye kitabu chake, lakini tofauti inayokaribia sehemu mbili za kumi za milimita inasema wazi kwamba shemize imekwisha. Segmenti mpya ndani ya shemize ya namna hiyo italazimika kufunguka na kujibana kila vilbreke inapozunguka, mara 1,800 kwa dakika kama moteri iko kwenye mzunguko huo. Haitaziba vizuri. Isitoshe, juu ya shemize iliyoliwa kuna ngazi ndogo ya chuma iliyobaki, na segmenti mpya yenye kona kali hupigapiga hapo mpaka inavunjika au inapasua pistoni.

Hesabu hiyo ya dakika chache ndiyo inayompa mwenye kamyo uamuzi. Kama tofauti ni ndogo, segmenti mpya, kusineti za bieli na seti ya zhwe zinatosha, na shemize inakwaruzwa kidogo ili ishike mafuta. Kama ni kubwa, shemize na pistoni zibadilishwe pamoja. Pesa zikiwa hazijatimia, ni heri kamyo ilale mwezi mmoja zaidi kuliko kutia segmenti ambazo zitakufa kabla ya msimu wa mahindi. Maneno haya ni machungu kwa mtu mwenye deni, lakini fundi mwaminifu anapaswa kuyatamka mbele ya mwenye kamyo, na vipimo mkononi.

Vilbreke haina njia ya mkato. Mahali inapokaa kusineti, panaangaliwa kwa jicho na kwa ukucha: ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, lazima ipelekwe kwenye mashine. Kama pako laini, bado papimwe kwa mikrometa, kwa sababu chuma kinaweza kuwa laini na huku kimepoteza uduara wake. Ikisagwa, inapunguzwa kwa saizi maalumu, kama milimita 0.25 au 0.50, na kusineti zinazonunuliwa ziwe za saizi hiyohiyo. Basi kusineti zisinunuliwe kabla vilbreke haijarudi na cheti cha vipimo. Wengi hununua mapema kwa kuwa mjomba anasafiri kwenda Lubumbashi au Dar es Salaam, kisha hugundua kwamba saizi hazilingani.

Yako mambo ambayo subira inaweza kuyafanya badala ya pesa. Supapu husagwa kwa mkono, kwa pati ya kusagia na kijiti, mpaka ukanda wa kijivu uliofifia utokee sawasawa kuzunguka kiti chake; kisha kulasi inajazwa mazutu na kuachwa, kuona kama yanavuja. Pistoni sita mpya zinawekwa kwenye mizani moja, kwa sababu pistoni nzito kuliko wenzake italeta mtikisiko. Unyoofu wa kulasi unapimwa kwa rula ya chuma na kale. Na yako mambo ambayo mtu asiyafanyie ubahili: zhwe za kulasi, kusineti, ufunguo wa kukazia wenye kipimo, na kazi ya pampu na injekta, ambayo apewe pompiste, fundi wa pampu, mwenye mashine ya kujaribia.

Usafi nao hauna bei lakini una thamani kubwa. Baada ya shemize kukwaruzwa, ukuta wake umejaa unga wa jiwe la kunolea. Mafundi wengi huufuta kwa esansi, yaani petroli, au mazutu. Hayo huondoa mafuta, na unga unabaki kwenye mikwaruzo. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni na brashi, kisha kitambaa cheupe chenye mafuta kidogo kinapitishwa, kinarudiwa, hadi kitoke cheupe. Mara tu baada ya hapo shemize ipakwe mafuta kabla kutu haijaanza. Kazi ifanyike mbali na barabara ya vumbi, na moteri ifunikwe kwa turubai kila jioni. Mafuta machafu yakusanywe kwenye bidoni, yaani madumu. Kwenye mitaa ambayo watu wanakunywa maji ya visima, kuyamwaga kwenye mfereji ni kuwatilia majirani sumu.

Moteri ikishafungwa, njia ya hewa ikaguliwe kama sehemu ya ukarabati. Mpira unaotoka kwenye filta hadi turbo ufunguliwe na upanguswe ndani kwa kitambaa cheupe. Vumbi likionekana humo, hewa inapita pembeni: mpira umepasuka, kola ya kuubana imelegea, au filta imetobolewa na kompresa wakati wa kuipuliza. Kuacha kasoro hiyo ni kuisaga moteri mpya kwa vumbi lilelile. Mazutu nayo yachunguzwe yanakotoka. Wauzaji wa bidoni kando ya njia, wale tunaowaita Kadhafi, wanawasaidia madereva wengi mahali pasipo na stesheni, lakini mazutu yenye maji au uchafu huua pampu na injekta, na moteri iliyotoka kutengenezwa huanza kutoa moshi bila kosa la segmenti.

Siku ya kuwasha, moteri izungushwe kwanza bila mazutu hadi sindano ya presha ya mafuta ipande. Ikiwaka, isiachwe kunguruma taratibu saa nzima: segmenti zinahitaji presha ya mzigo ili zikae kwenye ukuta wa silinda. Kamyo ianze na mzigo wa wastani, bila kukanyagwa mpaka mwisho, na mafuta ya kwanza yabadilishwe mapema, baada ya kilomita 500 hadi 1,000, kwa sababu ndiyo yanayokusanya unga wote wa kuzoeana. Dereva apewe daftari la kuandikia kilomita, mafuta yaliyoongezwa na maji yaliyopungua.

Hayo ni ya fundi na mwenye kamyo. Liko jambo la jumuiya nzima.

Ukanda huu wa migodi umekuwa na mashine za kusaga vyuma tangu wakati wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Gécamines iliyoirithi ilikuwa na karakana kubwa za Panda, Likasi, ambako vyuma viliyeyushwa na kuchongwa kwa ajili ya migodi yote. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kisha ikaanguka, mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Ujuzi wao ulitawanyika mitaani. Mikono iliyozoea mikrometa ilijikuta lupangoni na nyundo na ufunguo, bila kipimo.

Nchi nyingine zimelishughulikia tatizo la namna hii. Huko Kumasi, Ghana, mtaa wa Suame Magazine una maelfu ya mafundi wa magari. Mwaka 1980 kituo cha teknolojia cha chuo kikuu cha sayansi cha Kumasi kilifungua karakana katikati ya mtaa huo, yenye mashine na walimu, ili fundi wa mtaani aje kujifunza na kutumia vifaa asivyoweza kununua peke yake. Huko Nairobi, mwaka 1985, Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa jua kali wa Kamukunji na kuwaahidi mabanda ya kufanyia kazi. Banda linazuia jua na mvua. Mashine ya kusagia vilbreke na komparateri vinabadilisha ubora wa kazi yenyewe, na kwa hilo mfano wa Kumasi unatufaa zaidi.

Pesa zipo. Sheria ya madini ya Congo iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa maeneo ya mitaa ambako migodi iko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kila kampuni inayochimba inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Congo ndiyo inayoongoza duniani kwa kobalti, na iko kwenye safu ya mbele kabisa kwa shaba; sehemu kubwa ya vyote viwili inatoka Lualaba. Na chombo cha kufundisha kipo pia: taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, tangu 1964.

Karakana moja ya umma mjini Kolwezi ingetosha kuanzia: mashine ya kusaga vilbreke, mashine ya kutoboa silinda, meza ya kujaribia pampu na injekta, seti za mikrometa na komparateri za kukodisha kwa siku, na wazee wachache wa Gécamines walio bado na nguvu za kufundisha. Fundi alipe bei nafuu iliyobandikwa ukutani, apewe karatasi ya vipimo yenye muhuri, naye mwenye kamyo aione kabla ya kutoa dola zake. Kamati zinazosimamia ile asilimia 0.3, na wakuu wa komini za Dilala na Manika wanaopokea mgao wa 15, wana uwezo wa kulipanga hili katika bajeti yao ijayo, na wenye kamyo wa mji huu wana haki ya kwenda kuwauliza wamelipanga vipi.